London hadi Roma ni saa ngapi kwa ndege? Jibu kwa dada wa Reading

Swali: "Shikamoo kaka. Ninaishi Reading, Uingereza. Mdogo wangu wa kike anaolewa Roma siku ya Jumamosi. Misa ni saa tisa alasiri, kanisa liko karibu na kituo cha treni cha Termini. Nimeona tiketi ya Jumamosi hiyohiyo: kuondoka Heathrow 09:10, kufika Fiumicino 12:45. Kurudi Jumatatu ni kuondoka 13:35, kufika 15:25. Nimetafuta mtandaoni nimechanganyikiwa. Tovuti moja inasema London hadi Roma ni kilomita 1,434, nyingine 1,444, nyingine zaidi ya 1,800. Muda wa kuruka, moja inasema saa 1 na dakika 48, nyingine saa 2 na dakika 18. Tiketi yenyewe nikitoa naona saa 3 na dakika 35 za kwenda, lakini saa 1 na dakika 50 tu za kurudi! Ndege inakwenda polepole wakati wa kwenda? Nimwamini nani, na je, nitawahi misa?"

Marahaba dada yangu, na hongereni kwa shughuli. Nakupa jibu la mwisho kwanza ili usikae roho juu: tiketi hiyo ya Jumamosi usiikate. Nenda Ijumaa. Sasa nikueleze sababu, maana namba ulizozikuta hazigombani kama zinavyoonekana. Kila moja inapima kitu chake, ila hakuna aliyekuandikia ni kitu gani.

Tuanze na umbali. Kilomita 1,434 ni kutoka katikati ya mji wa London hadi katikati ya mji wa Roma. Kilomita 1,444 ni kipimo cha namna ileile, lakini kimeanzia uwanja wa Heathrow kikaishia uwanja wa Fiumicino. Heathrow iko magharibi ya London na Roma iko kusini-mashariki, kwa hiyo abiria wa Heathrow anaanza safari akiwa ameshapiga hatua kadhaa upande usio wake. Ile namba ya zaidi ya 1,800 ni ya barabara. Gari haliwezi kukata moja kwa moja. Linavuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, linaitafuta njia ya kupenya milima ya Alps, ndipo literemke Italia. Namba hiyo haikuhusu wewe unayepanda ndege.

Hizo mbili za mwanzo hupimwa kwa kile tunachokiita duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia ambayo ni mviringo. Chukua chungwa, bandika uzi kwenye nukta mbili, uvute mpaka ukaze. Uzi utajilaza wenyewe penye njia fupi, na hiyo ndiyo duara kuu. Ukiufuata uzi huo kutoka Heathrow, dira itakuonyesha nyuzi 133, upande wa kusini-mashariki. Ukikaribia Fiumicino, dira ileile itasoma karibu 142 ingawa hukukunja kona hata moja. Ndiyo maana njia za ndege kwenye ramani bapa huonekana zimepinda, na watu wakadhani rubani anazunguka. Kwa London na Roma upindaji ni mdogo. Kwa safari za kuvuka bahari kuu ni mkubwa sana.

Lakini hakuna ndege inayoruka kilomita 1,444 kamili. Nimefanya kazi kwa miaka katika chumba ambamo mpango wa safari hutayarishwa kabla rubani hajaupokea, na karatasi ile ndiyo shule yangu. Ina orodha ya vituo vya angani, yaani nukta ambazo ndege hupitia, vingi vikiwa na jina la herufi tano, na mbele ya kila kituo kuna upepo unaotarajiwa, umbali hadi kituo kinachofuata, na dakika. Juu kabisa pameandikwa jumla ya umbali. Duara kuu la Heathrow na Fiumicino ni maili za baharini 780. Jumla ile ya juu mara nyingi sana huwa kubwa kuliko hiyo. Njia inapangwa kukwepa maeneo ya mazoezi ya kijeshi, inalazimika kuingia nchi ya pili mahali palipokubaliwa, na mwanzoni na mwishoni inatawaliwa na njia za kurukia za viwanja vyenyewe, yaani barabara ambazo ndege hupaa na kutua juu yake.

Hili la njia za kurukia utalishuhudia mwenyewe. Heathrow ina mbili, zote zimelazwa mashariki na magharibi. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, na upepo wa Kusini mwa Uingereza hutoka magharibi siku nyingi kuliko siku zisizo hivyo. Kwa makadirio, siku saba katika kumi. Kwa hiyo siku yako ya safari, uwezekano mkubwa ni kwamba ndege ya Roma itapaa ikielekea magharibi. Yaani itaipa Roma mgongo na kuelekea upande wa kwenu Reading, kisha igeuke kushoto na kuanza kuitafuta pwani ya kusini. Kilomita hizo za kwenda kinyume na kugeuka hazimo ndani ya 1,444, lakini dakika zake zimo ndani ya safari yako.

Tuje kwenye muda. Ile saa 1 na dakika 48 haikutoka kwa rubani wala shirika lolote. Imetoka kwenye kikokotoo. Chukua 1,434, gawanya kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, utapata karibu saa 1 na dakika 48. Hesabu ni sahihi, ila inadhani ndege inazaliwa angani Trafalgar Square, katikati ya London, ikiwa tayari na mwendo kamili, na inatoweka ikifika Colosseum. Tovuti ya pili imeongeza dakika 30 za kupaa na kutua, ikapata saa 2 na dakika 18. Hiyo imekaribia ukweli kidogo, lakini nayo ni makisio yaleyale kwa kila miji miwili duniani, iwe na foleni ya ndege au isiwe nayo.

Ndege za njia hii, za aina ya Airbus A320 na jamaa zake, zikiwa juu hutembea kwa takriban asilimia 78 ya mwendo wa sauti. Kwenye kimo cha kilomita 11, ambako baridi ya kawaida ni nyuzi 56 chini ya sifuri, hiyo ni kama kilomita 828 kwa saa ndani ya hewa. Nasema ndani ya hewa kwa makusudi, maana hewa yenyewe inatembea, nitarudi hapo. Kutoka magurudumu kuacha ardhi ya Heathrow hadi kugusa Fiumicino, tegemea kama saa 2 na dakika chache.

Tiketi haihesabu hivyo. Saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi ni ile ndege inapoanza kutoka langoni, si ile inapopaa. Saa ya kufika ni ile inaposimama langoni upande wa pili. Katikati kuna kusukumwa nyuma, kuwasha injini, kutambaa hadi njia ya kurukia, na Heathrow kuna foleni ya ndege zilizotangulia. Hiyo peke yake hula dakika 15 hadi 25. Ukitua Fiumicino kuna dakika nyingine za kutambaa hadi kwenye maegesho. Na mashirika huongeza kidogo juu yake, kwa kuwa ndege huhesabiwa imefika kwa wakati ikiwa haikuchelewa zaidi ya dakika 15, na hakuna anayetaka jina baya. Ndiyo maana mara nyingine rubani anatangaza kwa furaha kwamba mtafika mapema, na nahodha huyo hakukimbia kuliko wenzake.

Kwa hiyo safari yako ya kwenda, lango hadi lango, ni saa 2 na dakika 35. Mbona tiketi inaonyesha saa 3 na dakika 35? Kwa sababu saa ya kuondoka ni ya London na saa ya kufika ni ya Roma, na Italia iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Ikigonga 09:10 Heathrow, Roma tayari ni 10:10. Kutoka 10:10 hadi 12:45 ni saa 2 na dakika 35. Tofauti hiyo ni saa moja mwaka mzima, maana nchi zote mbili husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa wakati mmoja. Ni sisi Afrika Mashariki tusiosogeza. Kwa hiyo mama akiwa Dar au Nairobi anasubiri simu, mwambie Roma iko nyuma yake kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto.

Na hapa nikuombe jambo moja. Ukimtumia mdogo wako ujumbe wa kuja kukupokea, usiandike "ndege inatua saa saba kasorobo". Wewe na yeye mtaelewana, lakini ujumbe huo atamwonyesha mume wake mtarajiwa au shemeji Mwitaliano ndiye atakayeshika usukani, na yeye atasoma saa saba kama 7. Andika 12:45 kama ilivyo kwenye tiketi. Hivyohivyo kadi ya harusi: hakikisha kwa macho yako imeandikwa 15:00, usitegemee "saa tisa" uliyoambiwa kwa simu.

Sasa kurudi. Umesema kurudi ni saa 1 na dakika 50, ukaona ndege inakwenda polepole wakati wa kwenda. Ni kinyume chake, dada. 13:35 ya Roma ni 12:35 ya London. Kutoka 12:35 hadi 15:25 ni saa 2 na dakika 50. Kurudi ndiko kurefu, kwa robo saa. Saa moja uliyoipoteza wakati wa kwenda umerudishiwa, ikaficha ukweli huo.

Robo saa hiyo ina sababu mbili, na zote mbili nazipenda kuzieleza.

Ya kwanza ni upepo. Wazee wetu wa pwani waliijua habari hii kabla ya ndege: jahazi lilishuka kutoka Uarabuni na kaskazi, likarudi na kusi, na anayebisha upepo hafiki kama anayesukumwa. Juu ya Ulaya upepo wa kimo cha ndege kwa kawaida hutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huwa mkali zaidi. Chukua upepo wa wastani tu, kilomita 80 kwa saa kutoka magharibi. Ndege ya Roma inaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo upepo haumpi wote mgongoni. Unampa kama kilomita 55 za kumsukuma, sehemu iliyobaki inamgonga ubavuni. Mwendo wake juu ya ardhi unakuwa 883. Ikirudi, kilomita 55 zilezile zinaivuta shati, inabaki na 773. Katika kilomita 1,100 za safari ya juu, hiyo ni dakika 75 za kwenda na dakika 85 za kurudi. Dakika kumi, ndege ni ileile, injini ni zilezile, na umbali haukubadilika hata hatua moja. Kama unataka kuona upepo ukifanya kazi kubwa, Februari 2020 wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida ni ya saa sita na zaidi.

Sababu ya pili ni Heathrow yenyewe. Uwanja ule una njia mbili tu za kurukia na ndege nyingi mno, kwa hiyo zinazokuja kutua huwekwa zizini kwanza. Kuna mazizi manne ya angani kuzunguka London: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Ndege inayotoka Roma, ikija kutoka kusini-mashariki, huelekezwa Biggin, juu ya eneo la Biggin Hill. Humo ndege huzunguka kwa duara refu lenye umbo la yai, moja juu ya nyingine, kila moja imeachana na mwenzake kwa futi 1,000. Ya chini kabisa ikiitwa kwenda kutua, zilizobaki zinashuka ngazi moja. Mara ya kwanza nilipokaa dirishani nikatazama hilo kama abiria, si kama mtu wa ofisini, niliona ndege nyingine chini yetu inageuka pale tulipogeukia sisi, bawa limelala upande uleule, kama tuko kwenye ngoma moja. Jua lilikuwa linaingia dirisha la kulia, baada ya dakika mbili likaingia la kushoto, kisha kulia tena. Abiria wa jirani alinishika mkono akauliza kama kuna hitilafu. Hakukuwa na hitilafu. Tulikuwa tumefika London na tunasubiri zamu, na dakika zile shirika lilikuwa limeshaziandika kwenye ratiba miezi mingi kabla.

Tumeshajua ndege inafanya nini. Turudi kwenye misa, maana ndiyo iliyokufanya uandike.

Ndege ya 12:45 na misa ya 15:00, kwa karatasi una saa 2 na robo. Tuzihesabu. Ndege ikisimama langoni, mpaka milango ifunguliwe na wewe ushuke, dakika 10 hadi 15. Kisha kutembea hadi kwenye ukaguzi wa pasi. Uingereza haijawahi kuwa ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasi kati yao, kwa hiyo kila anayetoka London hupita ukaguzi, na mwenye pasi ya nje ya Umoja wa Ulaya hupanga foleni ndefu zaidi. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza pia mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso kwa wageni wa muda mfupi, na mara ya kwanza ya kuandikishwa huchukua muda. Sema nusu saa ukiwa na bahati, saa nzima ukikosa. Tumefika 13:30 au 14:00. Kama una sanduku ulilolikabidhi, ongeza. Treni ya Leonardo Express kutoka Fiumicino hadi Termini ni dakika 32 bila kusimama njiani, ukijumlisha kutembea hadi stesheni, tiketi, na kusubiri inayofuata, fanya dakika 50. Uko Termini kati ya 14:20 na 14:50. Hujabadili nguo. Hujanawa uso. Umeamka Reading saa kumi alfajiri ili uwe Heathrow saa mbili kabla ya ndege.

Hayo yote ni kwa siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri. Na njia hii ina kitu kimoja kinachoiharibu kuliko ukungu na theluji: inapita juu ya Ufaransa. Ndege za Ulaya hupangiwa foleni na shirika la pamoja liitwalo Eurocontrol, makao yake Brussels. Anga fulani ikizidiwa, kwa dhoruba au upungufu wa waongozaji wa ndege au mgomo, ndege inapewa saa maalumu ya kupaa, na ruhusa ya kupaa kuanzia dakika 5 kabla ya saa hiyo hadi dakika 10 baada yake. Abiria mmeshafunga mikanda, milango imefungwa, rubani anatangaza kwamba mtasubiri dakika 50. Ndege ni nzima, hali ya hewa London ni safi, tatizo liko juu ya Marseille. Migomo ya waongozaji wa Ufaransa hutokea, na inagusa hata ndege zisizotua Ufaransa.

Nakuambia hivi kwa uchungu wangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda ndege ya asubuhi kati ya miji miwili ya Ulaya kwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye niliyekuwa baba wa ubatizo. Ofisini nilikuwa napanga safari za wengine kila siku, nikajiambia saa tatu za nafasi zinatosha. Tulikaa langoni saa 1 na dakika 40 tukisubiri ruhusa, kisha mizigo ikachelewa. Nilipofika, vijana walikuwa wanakunja viti, na mtoto amelala begani kwa shangazi yake akiwa bado na gauni jeupe. Picha ya pale kwenye maji ya ubatizo ina mtu mwingine mahali pangu. Dada yangu hakunilaumu, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo nenda Ijumaa, hata kama ni ndege ya jioni. Kama kazi haikuruhusu kabisa, basi si ndege hiyo, tafuta ya mapema zaidi Jumamosi, usikabidhi sanduku, na gauni lako la kuvaa harusini lipande nawe mkononi. Lakini mimi ningelipa usiku mmoja wa hoteli bila kufikiri mara mbili.

Labda utauliza kuhusu tiketi za bei ya chini za Stansted hadi Ciampino. Umbali wa viwanja hivyo ni kilomita 1,459, tofauti ya kilomita 15 tu, angani ni dakika moja. Tofauti ya kweli iko ardhini. Ciampino iko karibu zaidi na mji wa Roma kuliko Fiumicino, hilo ni zuri. Ila wewe uko Reading. Stansted iko kaskazini-mashariki ya London, na kufika huko ni kuuvuka mji mzima. Heathrow una basi la moja kwa moja. Jumlisha nauli na usingizi uliopotea ndipo useme ipi ni rahisi.

Kuna pia treni. London hadi Paris kwa Eurostar ni kama saa 2 na robo, Paris hadi Milan kama saa 7, Milan hadi Roma kama saa 3. Reli ya Paris na Milan ilifungwa Agosti 2023 kwa maporomoko ya mawe kwenye bonde la Maurienne, ikafunguliwa tena mwishoni mwa Machi 2025. Ni safari nzuri kwa mwenye siku mbili. Wewe huna.

Nimekwambia 1,444 si njia ambayo ndege inaruka kweli. Hata hivyo kuna mahali ambapo namba hiyo ina uzito wa fedha. Sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, na ile Uingereza iliyobaki nayo baada ya kujitoa kwenye Umoja, humlipa abiria aliyefikishwa kwa kuchelewa saa 3 au zaidi kwa kosa lililo mikononi mwa shirika. Kiasi hupangwa kwa umbali, na umbali huo hupimwa kwa duara kuu kati ya viwanja, si kwa njia iliyorukwa. Mpaka wa ngazi ya kwanza ni kilomita 1,500. Roma iko ndani ya mpaka huo, kutoka Heathrow na kutoka Stansted pia, kwa hiyo ni pauni 220 ukitoka Uingereza, na euro 250 ukirudi kutoka Italia. Harusi hiyo ingekuwa Naples, kutoka Gatwick ni kama kilomita 1,590, ungepanda ngazi ya pauni 350. Mgomo wa waongozaji na hali mbaya ya hewa havilipwi, ila chakula na vinywaji ni haki yako kwa njia yenu hii baada ya saa 2 za kusubiri. Na saa ya kufika kisheria si ile magurudumu yanapogusa ardhi: mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba ni pale mlango mmoja wa ndege unapofunguliwa abiria waweze kutoka. Ukichelewa, tazama saa yako mlango unapofunguka, piga picha ya skrini ya simu. Dakika tano zimewahi kuwa kesi.

Jambo la viza sikuliona kwenye barua yako, na nisipolitaja nitakuwa sikukusaidia. Kama unasafiri na pasi ya Kenya au Tanzania, kibali cha kuishi Uingereza peke yake hakikuingizi Italia kwa safari kama hii. Unahitaji viza ya Schengen, na miadi ya kuomba hujaa mapema. Usikate tiketi yoyote isiyorudishwa kabla ya hiyo kuwa mkononi.

Likikaa sawa hilo, omba kiti cha dirishani upande wa kulia, mbele ya bawa au nyuma yake kabisa, na safari iwe ya mchana kama Ijumaa itaruhusu. Ndege ikifuata njia karibu na ule uzi wetu wa kwenye chungwa, itapita kati ya Paris na Reims, itaingia Uswisi juu ya milima ya Jura, na kama saa moja hivi baada ya kupaa utaanza kuona meno meupe. Lile bonge pana la theluji upande wako ni Mont Blanc, mita 4,800 na kidogo, mfupi kwa zaidi ya mita 1,000 kuliko Kilimanjaro, lakini umezungukwa na ndugu zake pande zote. Baada yake ardhi inashuka ghafla, unaingia uwanda kati ya Turin na Milan, kisha Genoa na bahari ya buluu. Hapo rubani huwa anakaribia kuanza kushuka, nawe una muda wa kumalizia chai. Mfikishie mdogo wako hongera zangu.